Msimu Niliosema Starehe

Klabu ya Wete ilitaka mtu mrefu wa kuziba katikati ya wavu, na urefu ndiyo mali pekee niliyopewa bure na ukoo wa mama yangu. Wakati huo nilikuwa nyumbani kwa wazazi, magharibi ya Kenya, mbali kabisa na maji ya chumvi. Timu yangu ya mwisho ilikuwa ya kampuni, na kampuni ilipoamua kubana matumizi, mpira wa wavu ulikuwa wa kwanza kutupwa nje. Asubuhi nilikuwa nakama ng'ombe na kujifanya nimeridhika. Kocha mmoja niliyewahi kukutana naye mashindanoni akanipigia simu: njoo Pemba ucheze msimu mmoja, ligi ya huku si ya mzaha, chumba kipo na posho ipo. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kisha nikakata simu na kutafuta Pemba kwenye ramani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kununa. Nikiumia sisemi. Nanyamaza, halafu nangoja mtu aone mwenyewe kwamba nimenyamaza. Nyumbani tabia hii inajulikana na inachekwa. Mama akiona nimetulia mno huuliza nani amenikosea leo. Pemba hakuna aliyeijua. Nilinuna karibu msimu mzima na hakuna aliyeona, wakadhani ndivyo nilivyoumbwa.

Chumba nilichopewa kiliungana ukuta na nyumba ya mwanamke mzee niliyemwita Bi Mkubwa, kama alivyoitwa na mtaa mzima. Milango yetu ilifunguka kwenye kibaraza kimoja cha saruji. Aliishi peke yake. Wanawe wawili walishaondoka, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Maskati, na mumewe alikuwa marehemu wa siku nyingi. Siku niliyofika alinisalimu kwa salamu ndefu: masalkheri, hali yangu, hali ya safari, hali ya wazazi, hali ya huko nitokako. Mimi nilijibu zote kwa neno moja, "poa," nikaona uso wake unatafuta pa kuliweka neno hilo.

Kiswahili changu ndicho kilichonitia adabu. Kwetu nilihesabiwa mjuzi, nilipata alama nzuri shuleni. Siku ya kwanza ya mazoezi mpira ulipanda hewani kati yangu na nahodha wetu, nami nikapaza sauti kama nilivyozoea: "Yangu!" Mpira ukaanguka chini kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameinama wanacheka.

"Wangu, yakhe," nahodha akaniambia huku akijifuta macho. "Mpira wangu. Kwani kwenu mpira ni nyumba?"

Tangu siku hiyo kila mpira uliopanda walipiga kelele "Yangu!" timu nzima, hadi watoto waliokuja kutazama. Nilicheka nao, maana ilichekesha. Lakini ndani niliapa kwamba sitakosea tena. Nitawatazama wanavyosema, na nitasema hivyohivyo, neno kwa neno, mpaka mkono unapowekwa na kichwa kinavyoinamishwa. Nilijiona mwerevu sana.

Nahodha alikuwa seta wetu, mpandisha mipira, kijana mfupi, fundi baiskeli, mikono imejaa grisi ambayo sabuni ilishindwa nayo. Mikono hiyohiyo ilipandisha mpira ukanijia mahali palepale nilipotaka, wakati mwingine kabla mimi mwenyewe sijajua napataka. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu, mistari yake ni kamba zilizofungwa kwenye vigingi, na pembeni watu walianika karafuu juu ya majamvi. Mpira ukitua kwenye jamvi, aliyeupiga alikwenda mwenyewe kuomba radhi na kuzikusanya karafuu zilizotawanyika. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa hiyo niliokota karafuu kuliko wote.

Siku chache baada ya kufika, tulikuwa tunarudi kutoka mazoezini, mimi na nahodha tu. Kwenye baraza moja wazee walikuwa wamekaa na birika la kahawa na sahani ya kashata. Walipotuona wakasema kwa pamoja, "Karibuni." Nahodha akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu na kusema, "Starehe." Wazee nao wakatabasamu. Tukapita.

Nilipendezwa sana. Kwetu starehe ni neno la muziki na vilabu, neno ambalo wahubiri hulitumia wakitaka kututisha. Hapa lilikuwa limetiwa mkono kifuani na tabasamu likageuka kuwa heshima. Nikalitafsiri kwa akili yangu: asanteni, nimefurahi, nanyi mfurahi. Ndilo jibu la karibu, nikajiambia. Mtu akisema karibu, unasema starehe, kama vile shikamoo inavyojibiwa marahaba.

Jioni hiyohiyo Bi Mkubwa alikuwa kibarazani, mkeka umetandikwa, sufuria pembeni. Nadhani ulikuwa muhogo wa nazi, harufu yake ilinipokea tangu njiani.

"Karibu, mwanangu. Chakula kino."

Nikaweka mkono kifuani. Nikainamisha kichwa. "Starehe, Bi Mkubwa."

"Haya," akasema.

Nikasimama pale kidogo, nikingoja. Lazima nieleze kilichokuwa kichwani mwangu. Kwetu mgeni haulizwi kama atakula. Ukiingia nyumbani kwa mtu unakaa, na chai inaletwa, na ugali unaletwa, na kama umeshiba utajua mwenyewe. Karibu ni salamu ya mlangoni tu. Kukaribishwa kwenyewe ni mtu kukushika mkono na kukukalisha. Kwa hiyo nilingoja nishikwe mkono. Bi Mkubwa alinitazama, akatazama sufuria yake, akanitazama tena. Mimi nikafungua mlango wangu, nikaingia, nikachemsha wali, nikaula na yai.

Iliendelea hivyo. Jioni karibu zote aliniambia karibu, na jioni zote nilimjibu kwa adabu yangu mpya, mkono kifuani, tabasamu. Baada ya mazoezi wachezaji walipita kwa muuza supu ya pweza, wakasimama kuzunguka meza yake na vibakuli mkononi. "Mkenya, karibu supu." "Starehe." Wakaendelea kunywa, mimi nikasimama na begi begani hatua chache kutoka kwao, nikijifanya naangalia simu, kisha nikaenda zangu. Libero wetu, mlinzi wa nyuma, aliniambia siku moja, "Karibu nyumbani Ijumaa, mama atapika biriani." Nikasema starehe, na Ijumaa ile nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikakaa kitandani nikimngoja aje kunichukua, maana nyumba yao sikuijua. Hakuja. Nilivua shati giza lilipoingia, na siku iliyofuata sikumsemesha. Yeye alinisalimu vizuri tu, jambo lililonikera zaidi.

Nilianza kujenga kesi dhidi yao. Nilikuwa wakili, hakimu na mashahidi. Hawa watu, nikajiambia, ni watamu wa maneno tu. Karibu zao zinaishia mdomoni. Wanakutaka juu ya wavu, mechi ikiisha hawakutaki. Na kila siku walinipa ushahidi mpya, kwa sababu kadiri siku zilivyokwenda karibu zenyewe zilipungua. Kwa muuza supu waliacha kuniita. Wakafikia hatua ya kunipungia mkono tu. Hata Bi Mkubwa alianza kula ndani. Nilipopita jioni mlango wake ulikuwa wazi na sauti ya redio ilitoka, masimulizi ya dini au taarabu, na yeye akasalimu kutoka humohumo ndani bila kusema karibu.

Jumapili nilikwenda kanisani. Kanisa lilikuwa dogo, waumini wengi ni watu wa Tanzania bara waliokuja kwa kazi, walimu, wauguzi, na wafanyabiashara wachache. Waliimba vizuri na kuniombea kwa jina la nchi yangu. Baada ya ibada walishikana mikono uani, wakaulizana habari za uhamisho na za likizo, kisha kila familia ikashika njia yake. Walidhani klabu ndiyo inayonilisha na kunitunza, mwalimu mmoja aliniambia hivyo kwa furaha kabisa: "Wewe una bahati, una timu nzima." Nilimjibu ndiyo.

Msimu wa karafuu ulipochanganya, mazoezi yalipwaya. Watu walikwenda mashambani kuchuma. Nahodha alikuwa kijiji cha Ole kwa wajomba zake, anarudi siku za mechi tu, vidole vyeusi, nguo zinanukia karafuu mpaka mwamuzi alimtania. Jioni nyingi nilikuwa uwanjani peke yangu nikipiga mpira kwenye ukuta wa ghala, nikiudaka, nikiupiga. Ukuta haunuki supu wala hausemi karibu. Mvua za vuli zilinifungia ndani siku nzima, na nilijikuta nasoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai kwa sauti, ili nisikie mtu anaongea. Nyumbani walipopiga simu niliwaambia kisiwa ni kizuri na watu ni wakarimu. Nilishindwa kuwaambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kunipa hata kikombe cha maji, kwa sababu ningelia, na baba angesikia.

Kilichonimaliza ni mechi ya nyumbani dhidi ya timu ya Gando. Tulikuwa tumefungana seti mbili kwa mbili, na seti ya tano ikafika mwisho tukiwa mbele kwa pointi moja. Nahodha, bila kuniangalia, akapandisha mpira wa haraka katikati, mfupi, juu ya kamba ya wavu kabisa. Nilikuwa nimeshapanda. Niliupiga ukachimba udongo kati ya miguu ya mtu wao wa nyuma. Watu wakaingia uwanjani. Walinibeba. Mzee mmoja nisiyemjua alinishika uso kwa mikono miwili na kunisomea dua. Nikasema moyoni, leo basi. Leo hawawezi kuniacha.

Ikaadhiniwa magharibi. Wakanishusha chini kwa upole, wakanipigapiga mgongoni, wakaelekea msikitini na majumbani, na kufumba na kufumbua uwanja ukawa mtupu. Nilibaki mimi na wavu. Nikaufungua mwenyewe, nikaukunja, nikaubeba mpaka nyumbani kwa kocha, nikauacha mlangoni. Alikuwa hajarudi kutoka kusali. Njiani kurudi nikaamua kwamba imetosha. Bado msimu ulikuwa na wiki kadhaa, na mechi zilizobaki ndizo zilizokuwa zinaamua bingwa, lakini kama wao hawakunihitaji nje ya kamba, basi watajua jinsi wanavyonihitaji ndani yake. Mechi iliyofuata ilikuwa Mkoani, kusini, mahali meli inapotia nanga. Nitacheza, nitalala huko, na asubuhi nitapanda meli ya Unguja. Sitamwaga mtu. Hicho kilikuwa kilele cha kununa kwangu.

Asubuhi ya safari nilitoka na begi langu lote. Bi Mkubwa alikuwa anafagia kibaraza.

"Wenda na Mungu," akasema. Akatazama begi. "Warudi leo?"

"Tutaona, Bi Mkubwa."

Akaegemea ufagio, nikadhani ataongeza neno. Akaendelea kufagia.

Kwenye gari la klabu nahodha naye aliuliza begi lote hilo la nini kwa mechi moja. Nikamwambia ni nguo chafu. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Kila nilipofikiria meli nilikisahau chakula. Mkoani tulicheza vibaya, tukashinda kwa sababu wao walicheza vibaya zaidi. Nilizuia mipira mingi bila furaha. Kawaida mechi zetu za ugenini zilikuwa za jirani, tukicheza na kurudi, lakini safari hii wenyeji walikuwa wametuandalia chakula nyumbani kwa kiongozi wao. Mmoja wa wachezaji wao, kijana wa kisiwa jirani cha Makoongwe, alikuwa ameleta samaki kutoka kwao asubuhi, na ule wali wa nazi na samaki wa kuchoma ulipoingia ukumbini, njaa ya tangu jana ilinirudia yote kwa mara moja.

Mikeka ilikuwa imetandikwa, masinia yamewekwa, watu wamekaa makundi makundi. Mimi nilikuwa wa mwisho kunawa. Nilipoingia, mwenye nyumba, mzee wa ndevu nyeupe, aliniona nimesimama.

"Karibu, mgeni. Karibu, karibu."

"Starehe, mzee," nikasema, mkono kifuani, kichwa chini, adabu zote. Na hapohapo nikajipenyeza kati ya nahodha na libero, nikaketi, nikaikunja mikono ya shati, nikamega samaki.

Mikono yote kwenye sinia ikasimama. Nikatafuna. Nikaona libero ananitazama mdomo wazi. Mzee mwenye nyumba alikuwa bado amesimama, mkono wake hewani.

"Hebu ngoja," nahodha akasema polepole. "Wee wala au huli?"

"Nakula. Si unaona?"

"Sasa mbona wasema starehe?"

"Nimejibu. Amesema karibu."

"Wajua maana yake, lakini?"

Nikamweleza maana yake. Nilimweleza vizuri, hata na yale ya nanyi mfurahi. Nilipofika kwenye shikamoo na marahaba libero aliinama juu ya sinia, mabega yakimtikisika, na kicheko kikapita kutoka mkeka huu kwenda ule, hadi kwa mzee mwenye nyumba, aliyelazimika kukaa chini. Nahodha peke yake hakucheka.

"Starehe," akasema, "ni kwamba kaeni mstarehe, msijisumbue kwa ajili yangu, mie sina haja. Ntu akikwambia karibu, nawe ukajibu starehe, ushakataa. Kwa heshima, lakini ushakataa."

"Na mtu akitaka kukubali anasema nini?"

"Hasemi kitu. Akaa kitako, ala."

Wakaanza kukumbushana. Mmoja akasema, nilimkaribisha supu hino mpaka nkachoka. Libero akasema mama yake alinuia kunipikia biriani Ijumaa ile, yeye akampelekea habari kwamba Mkenya kakataa, na mama akauliza kwani biriani yangu ina nini. Mwingine akasema kwenye arusi ya dada yake nilipewa karibu na bibi arusi mwenyewe, nikaweka mkono kifuani, nikaenda zangu. Kila mmoja alikuwa na yake, na kila moja iliwachekesha upya. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha samaki, sikumbuki kama nilikila.

"Sie tulidhani ni dini," nahodha akasema. Sasa alikuwa anaongea na mimi peke yangu, chini chini. "Tukasema, huyu Mkristo, pengine vyakula vyetu vyamtia wasiwasi, naye kwa uungwana wake hataki kutwambia. Ntu akikataa mara zote hizo, utamburuta? Tukaona tukikuitaita twakuonea. Tukakuacha."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Ile kesi yangu niliyoijenga kwa miezi, ushahidi wote ule, haikuwa na mshtakiwa. Hakuna aliyenikosea. Mtu aliyezoea kukosewa akiambiwa hivyo anabaki bila pa kushika. Nikajisingizia mkono una miba, nikatoka nje kunawa, na nikanawa muda mrefu sana, maji yakimwagika usoni na shingoni, mpaka mke wa mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa.

Kutoka uani pale nilikuwa naiona bandari. Meli ya asubuhi ilikuwa bado haijafika, palikuwa na gati tu na taa zake. Nilifikiri juu ya timu, ndiyo, na mechi zilizobaki. Lakini ukweli ni kwamba aliyenijia kichwani ni Bi Mkubwa, ameegemea ufagio. Wenzangu walikuwa na ndugu, na supu, na arusi za kuhudhuria. Kukataa kwangu kuliwapita kama mvua ya njiani. Yeye alikuwa na mimi tu upande wa pili wa ukuta. Nikarudi ndani, nikamaliza wali wangu, na gari lilipowashwa nikapanda nalo, begi miguuni.

Tulifika Wete kesho yake jioni, maana gari liliharibika njiani na tukalala Chake Chake. Kibaraza kilikuwa kimefagiliwa. Mlango wa Bi Mkubwa ulikuwa wazi, redio inasoma taarifa ya vifo. Nilisimama pale nikiwa sina neno. Lile moja nililokuwa nalo nilikuwa nimenyang'anywa. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema kutoka ndani.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikavua viatu, nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, sahani moja mbele yake, wali na mchuzi wa dagaa, ameshakula tonge mbili tatu. Akaniangalia kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Bi Mkubwa," nikasema, "nimekuja kula."

Kwa Kiswahili cha pale ni maneno ya mtu asiyelelewa. Niliyajua hivyo nilipokuwa nayasema, na sikuwa na mengine. Bi Mkubwa akainuka kwa kushikilia ukuta, akachukua sahani ya pili kwenye kabati, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akagawa kile chakula chake katikati kwa kijiko, dagaa kwa dagaa.

"Nimepika cha ntu mmoja," akasema. "Ungenambia."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, starehe na mkono kifuani, na jinsi nilivyokuwa nikisimama pale nje nikingoja kushikwa mkono. Nilitegemea acheke kama wale wa Mkoani. Alisikiliza hadi mwisho, akitafuna taratibu.

"Mie nlikuwa nikupikia," akasema. "Mwanzo. Nlikuwa naweka sahani yako, naifunika kawa, nasema pengine leo aona haya, atakuja baadaye. Nikingoja mpaka isha. Kisha nikaona nakula na sahani ya ntu asokuja, moyo wauma. Nlikuwa nna sahani mbili kama hizo kabla yako." Akaelekeza kidevu upande wa ukuta, penye picha za wanawe. "Nikaacha. Nikaingia kula ndani, nsikuone ukipita."

Niliona haya kwa kitu ambacho hakikuwa kosa la mtu yeyote, na hiyo ndiyo haya ngumu kuliko zote, kwa kuwa hakuna wa kumwomba radhi. Chakula kile hakikumshibisha yeye wala mimi. Alipoona nimemaliza akasema kesho nije mapema, atanunua samaki wa changu kama atapata, na je, nala pweza. Nikasema nala.

Baada ya hapo nilikula kwake mchana na jioni. Nilichelewa mazoezini kwa ajili ya muhogo wake wa nazi na nikakimbia huko nikiwa nimeshiba mno kuruka, nahodha akalalamika kwa kocha kwamba Bi Mkubwa ananiharibu. Kwa muuza supu nilikuwa nakaa kitako kabla sijakaribishwa. Hatukuchukua ubingwa, tulipoteza mechi ya mwisho kwa seti tatu kavu, mbele ya watu wote wale, na nilicheza vizuri na haikusaidia. Klabu iliniambia ingependa nirudi, hali ikiruhusu. Hali haikuruhusu, wote tulijua.

Nilikuwa nimeanza kuishi Pemba wiki chache kabla ya kuiacha. Nilimwambia hivyo Bi Mkubwa asubuhi ya kuondoka, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wake na chai na mkate wa kumimina, gari limeshafika. Nilidhani atasema ni majaaliwa, atanipa dua, tuachane vizuri. Dua alinipa. Kisha akaichukua sahani yangu kabla sijaimaliza, akaisuuza, akaipangusa, akairudisha kabatini, chini ya zile nyingine.

"Sahani hino nlikuwa nshaizoea kukaa kabatini," akasema, bado amenipa mgongo. "Leo yanibidi nianze kuizoea tena."